Jiko la Nne

La kwanza lilikuwa katoni ya biskuti.
Mbwa alilitafuna usiku uleule.
La pili lilijinyonga lenyewe: gundi ilipopata joto
ilinuka hadi viazi vikawa na ladha ya kiatu.
La tatu lilifika nyuzi sitini na moja, likagoma,
kama punda aliyeona daraja.

Binti yangu Nieves aliandika yote daftarini:
saa, upepo, mawingu, kiazi.
Safu ya kiazi ilijaa neno moja.
Bado. Bado. Bado. Bado kidogo. Bado.

Miaka ishirini na sita nimechimba bati
chini ya mlima ule unaouona, ule uliotobolewa.
Niliingia shimoni kabla hakujapambazuka,
nikatoka kumeshakuchwa.
Jua nililijua Jumapili tu,
kama mtu anavyomjua shemeji wa mbali.
Sasa mgodi umefungwa, vumbi lake ninalo kifuani,
na huku juu, Bolivia ilikoinuka kuliko mawingu yake,
jua linachuna ngozi ya pua
huku maji ya kivulini yameganda, saa sita mchana!
Kuni ni vichaka vya tola. Tumeving'oa hadi mizizi.
Kila mwaka tunavifuata mbali zaidi.

Basi, la nne.
Sanduku ndani ya sanduku, na katikati sufu
ya kondoo mweusi wa Bi Herminia,
aliyenipa kwa sharti nisimwambie mtu
(Herminia, si kondoo).
Kioo ni dirisha la basi lililopinduka bondeni;
kina kibandiko cha Bikira pembeni,
Nieves amekataa nikibandue.
Chini, bati la paa kuukuu, nimelipaka masizi kwa ute wa yai.
Nilichimba bati, leo nakata bati: ndiyo pensheni yangu.
Na kifuniko nimekivisha karatasi za kung'aa
za ndani ya pakiti za sigara,
mia tatu na kumi,
za wenzangu walio hai
na wengine.

Saa tatu: nyuzi kumi na tisa.
Saa nne: arobaini na nne.
Nikageuza sanduku upana wa vidole viwili,
maana jua halimngoji mtu.
Saa tano: sitini na moja.
Nieves akauma kalamu.
Sitini na moja.
Sitini na moja.
Kioo kilitoka jasho, Bikira akapotelea ukunguni.

Bi Herminia akapita na kondoo zake. Akasimama.
"Fermín," akasema, "hata mgodini
si mlikuwa na tundu la kupumulia?"

Nikatoboa tundu, la kupita msumari tu.
Mvuke ukajitoa kama aliyeachiwa kutoka rumande.
Kioo kikatakata.
Sabini. Sabini na nane.
Saa saba na robo, themanini na saba,
na huku kwetu maji huchemka papo hapo;
ya bondeni ndiyo yenye maringo.

Nilisikia kabla sijaona:
kifuniko cha sufuria kikigonga,
tik, tik,
kama nyundo ya mtu upande wa pili wa mwamba.
Kule chini, mlio ule ulikuwa na maana moja:
yupo aliye hai, chimbeni.
Ilinibidi nikae chini.
Nieves alidhani ni mapafu.

Viazi vilikuwa vimepasuka ngozi.
Alikichoma kimoja kwa uma, uma ukazama.
Hakuandika kitu. Mdomo ulikuwa umejaa,
anapuliza, anacheka, anaungua.

Kesho ni maharage.
Herminia anasema maharage huku juu hayaivi
hata kwa moto wa jehanamu,
na ameweka dau: kondoo mweusi.
Mimi nimeweka kioo, pamoja na Bikira wake.
Nieves ameshapiga mstari ukurasa mpya.
Upepo:
Mawingu: